Kahawa katika Nyimbo Mbili za Wajerumani

Neno kahawa twalitamka kila siku bila kuuliza asili yake. Waswahili walilipokea kwa Waarabu, wasemao qahwa. Waturuki wakalipokea kuwa kahve, na kwa njia yao, kisha kwa Waitalia na Wafaransa, likafika Ujerumani kuwa Kaffee. Basi kahawa na Kaffee ni ndugu walioachana njiani. Nacho kinywaji chenyewe, katika karne ya 15, kilinywewa na masufi wa Yemen ili wasisinzie katika ibada ya usiku. Yafaa kuyakumbuka hayo kabla ya kuusikiliza wimbo wa kwanza.

Wimbo huo ni wa watoto, nao wasemwa kuwa ni wa Carl Gottlieb Hering (1766–1853), mwalimu wa shule na wa muziki katika mji wa Zittau. Huimbwa na makundi matatu yakifuatana: la kwanza likiisha mstari wake, la pili laushika, kisha la tatu. Uzuri wake umo katika mchezo wa herufi. Wajerumani huziita noti za muziki kwa herufi, na noti sita za mwanzo wa wimbo ni C, A, F, F, E, E, yaani jina la kahawa limeandikwa kwa sauti zenyewe. Shuleni ambako watoto husoma do, re, mi, mchezo huo wapotea wote. Nalo neno letu KAHAWA lingeshindwa kuimbwa hivyo, kwa kuwa K na W si noti; lakini H ni noti kwa Wajerumani, maana ndivyo waiitavyo si.

Maneno yake ni maonyo. Mtoto aambiwa asinywe kahawa nyingi, kwamba kinywaji cha Waturuki hakimfai, chadhoofisha mishipa ya fahamu na kumfanya mgonjwa aliyepauka. Hata hapo ni shauri la mzazi, wala sina neno. Lakini mwisho wimbo waacha kikombe na kuwageukia watu: mtoto aonywa asiwe kama Mwislamu asiyeweza kuiacha kahawa. Mtoto huimba kabla hajafahamu, na jambo lililoingia kwa sauti tamu halitoki upesi. Mwalimu ambaye wanafunzi wake Wakristo na Waislamu huketi ubao mmoja, atawaimbishaje maneno hayo? Kwa maoni yangu, sauti zake zafundishika vema, na maneno mapya si kazi kuyatunga. Bali wanafunzi wakubwa waonyeshwe ya kale, wapate kujua jinsi dharau ijifichavyo katika mchezo.

Maonyo ya namna hiyo hayakutoka kwa matabibu na wazazi peke yao. Kahawa ilinunuliwa ng'ambo, na watawala walichukizwa kuona fedha ikitoka katika nchi. Katika Prussia, mfalme Frederick wa Pili aliamuru mwaka 1781 kwamba kukaanga buni kuwe kazi ya serikali, isipokuwa kwa wenye ruhusa. Askari wa zamani wakatumwa kuzunguka njiani wakinusa harufu ya buni majumbani, na watu wakawaita wanusaji wa kahawa.

Wimbo wa pili ni mkubwa, nao ni wa zamani kuliko wa kwanza. Johann Sebastian Bach, aliyekuwa mwalimu wa waimbaji katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu mwaka 1723, twamjua zaidi kwa nyimbo za ibada. Lakini tangu mwaka 1729 aliongoza pia kundi la wapiga muziki, wengi wao wanafunzi, waliokutana katika nyumba ya kahawa ya Zimmermann. Yapata mwaka 1734 alitia muziki maneno ya Picander, ambaye jina lake hasa ni Christian Friedrich Henrici. Baba aitwa Schlendrian, neno ambalo kwa Kijerumani ni uzembe wa kufuata mazoea. Binti ni Liesgen. Baba amkataza kahawa: hatakwenda arusini, hatatembea, hatapewa rinda pana la kisasa, hatasimama dirishani. Binti akubali kuyakosa yote. Ndipo baba asema hatapata mume, na binti mara huiacha kahawa.

Katika maneno aliyoyachapisha Picander mambo huishia hapo. Katika muziki wa Bach yaendelea. Baba atoka kumtafuta mchumba, huku Liesgen akieneza habari kwa siri kwamba hamtaki mposaji ye yote, isipokuwa yule atakayeahidi, na kuandika katika mkataba wa ndoa, kwamba mkewe atapika kahawa apendapo. Mtoto wa wimbo wa Hering hana nafasi ya kujibu, Liesgen ajibu. Mwishoni waimbaji watatu hushirikiana kusema kwamba mama huinywa na bibi vilevile, basi binti hana lawama. Na mmoja wa hao watatu ni Schlendrian mwenyewe.