Gia 21, Nyingine Pacha

Baiskeli nyeusi ya gia moja, ile ya kubebea mkaa na maziwa, haina tatizo la cheni kukwaruza. Cheni yake imenyooka kutoka mbele hadi nyuma, basi. Ni baiskeli za gia, nyingi zikitufikia kama mtumba, zenye ule mkwaruzo wa krr-krr-krr unaomfanya mwenyewe akimbilie bisibisi. Mara nyingi bisibisi haina kazi hapo.

Tuchukue baiskeli ya gia 21 iliyozoeleka. Mbele ina sproketi tatu, za meno 48, 38 na 28. Nyuma zipo saba, kuanzia meno 14 hadi 28, zikiachana milimita 5, kwa hiyo kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni sentimita 3. Ukiweka kubwa ya mbele, iliyo nje kabisa, pamoja na kubwa ya nyuma, iliyo ndani karibu na spoki, cheni inakwenda mshazari. Kule mbele hupita kati ya vibati viwili vinavyoisukuma kutoka sproketi moja hadi nyingine, na ikiwa mshazari hivyo hukwaruza kibati cha ndani. Ukiweka ndogo kwa ndogo, hukwaruza cha nje au hugusa sproketi ya kati, tena inalegea na kuning'inia.

Sasa piga hesabu. Meno 48 kwa 28 ni 1.71, yaani pedali ikizunguka mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara 1.71. Meno 38 kwa 22 ni 1.73. Meno 28 kwa 16 ni 1.75. Kwa tairi la inchi 26, tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho haifiki sentimita 10 kwa kila mzunguko wa pedali, na sijui mguu wa nani utaihisi. Ndogo kwa ndogo nayo, 28 kwa 14, ni 2 kamili, sawasawa na 48 kwa 24. Muuzaji anayejisifu kwa gia 21 anahesabu mapacha.

Kwa hiyo sproketi ya kati ya mbele ndiyo ya kukaa nayo siku nzima. Kubwa iachie zile ndogo nne za nyuma, kwenye tambarare na mteremko. Ndogo iachie kubwa nne, kwenye mlima. Badilisha kabla mlima haujakukamata, ukiwa bado unakanyaga kwa wepesi.

Je, mshazari unakula nguvu? Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima cheni maabara na kukuta inaweza kufikisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu. Mshazari haukuwa na athari ya maana. Ukubwa wa sproketi ndio uliokuwa nayo. Sababu yake si ngumu: kwenye meno 14 kila pingili hujikunja karibu nyuzi 26, kwenye meno 22 nyuzi 16 tu. Kinachoumia kwa mshazari ni meno, vibati na masikio yako.

Ikiwa inakwaruza hata ya kati kwa ya kati, hapo kuna hitilafu. Sikiliza mapigo. Sauti inayokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali ni ya sproketi iliyopinda, au gololi za ekseli ya pedali zimekwisha, mpelekee fundi. Sauti isiyokatika ni ya kibati kilichokaa vibaya, na waya mpya wa gia ndio mshukiwa wa kwanza, maana hulegea mwanzoni, kibati cha nje kikaisogelea cheni. Zungusha kirekebishi cha waya kwenye usukani robo mzunguko kinyume cha saa, jaribu, ongeza robo nyingine. Skrubu mbili zenye herufi H na L usiziguse kwanza: hizo ni za kuzuia cheni isidondoke.