Chaji ya Umeme Hutoka Wapi?

Mto Pangani hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, kisha hushuka katika maporomoko kwenda baharini. Huko Hale, katika wilaya ya Korogwe, mitambo ya kufua umeme kwa nguvu ya maji hayo ilianza kazi mwaka 1964. Watu wengi hudhani kwamba umeme hutolewa ndani ya maji. Sivyo. Maji hutoka mtamboni yakiwa maji yale yale, wala hayakupungukiwa na umeme wo wote. Basi umeme ulikuwa wapi?

Kila kitu, jiwe, mti, hata mwili wa mtu, kimefanyizwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu mna kiini, na nje ya kiini mna elektroni. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Uingereza alionyesha kwamba elektroni ni chembe zenye chaji ya umeme iitwayo hasi. Ndani ya kiini mna protoni, zenye chaji iitwayo chanya. Chaji za namna moja hufukuzana. Hasi na chanya huvutana. Elektroni moja na protoni moja zina chaji za kadiri moja. Kwa hiyo, zikiwa sawa kwa hesabu, kitu huonekana kama hakina umeme, kumbe kimejaa.

Mtoto wa Handeni aweza kuliona jambo hili wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Akisugua kitana cha plastiki katika nywele kavu, kisha akikisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, vipande huruka na kushikamana nacho. Kitana hakikuumba chaji. Kimechukua elektroni za nywele tu, na nywele zimebaki na chaji chanya kwa kadiri ile ile.

Mawinguni ni vivyo hivyo. Chembe za barafu hugongana, chaji hutengana, na zikirudiana ghafula ndipo radi hupiga. Mti mrefu huwa njia yake ya kufika ardhini. Kwa hiyo mtu asijikinge mvua ya radi chini ya mti, bali aingie nyumbani.

Na mtambo wa Hale? Huzungusha sumaku, na sumaku husukuma huku na huku elektroni zilizokuwamo tayari ndani ya nyaya. Maji hutoa nguvu ya kusukuma, hayatoi chaji.

Lakini protoni nayo ilipata wapi chaji yake? Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Hale, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja peke yake, walitoa wazo kwamba protoni ina vipande vitatu, viitwavyo kwaki. Majaribio ya baadaye yalithibitisha wazo hilo. Kwaki mbili zina chaji chanya ya thuluthi mbili kila moja. Ya tatu ina chaji hasi ya thuluthi moja. Thuluthi nne ukitoa thuluthi moja, zabaki tatu, yaani moja kamili.

Elektroni haijaonekana kuwa na vipande ndani yake, walakini chaji yake hulingana na ya protoni katika kila kipimo kilichofanywa. Sababu yake wataalamu wangali wakiitafuta. Kama chaji hizo zingalitofautiana hata kidogo sana, vitu vyote vingalifukuzana, na dunia yenyewe isingalishikamana.