KUONDOA JINA LETU KATIKA LANGO LA WANACHAMA



Wengi wenu siku hizi hamji tena afisini kuuliza uzito wa karafuu zenu. Mnafungua simu, mnaandika anwani ya Jumuiya, mnatia neno la siri, na mara mnaona kilo zilizopimwa, stakabadhi na fedha zilizolipwa. Mahali hapo ndipo paitwapo lango la wanachama. Baadhi yenu mmeuliza: ikiwa siku moja Jumuiya itaacha kutumia jina lake katika lango hilo, je, hesabu zetu zitapotea? Jawabu ni kuwa hazitapotea. Lakini jina likiondolewa ovyo, mwizi aweza kukaa pahala petu. Kwa hivyo khabari hii yafaa ijulikane na kila mwanachama, si na mafundi peke yao.

JINA NI KIBAO, SI GHALA

Lango aghlabu si mali ya jumuiya inayolitumia. Hukodiwa kwa kampuni, na kampuni humpa kila mteja anwani ya asili. Mteja akipenda, huweka jina lake mwenyewe, kama vile neno “lango” likifuatiwa na jina la jumuiya na .or.tz. Ili jina hilo lifanye kazi, huandikwa mstari mmoja, uitwao CNAME, katika daftari la majina la intaneti. Daftari hilo huitwa DNS, na aliyelibuni ni Paul Mockapetris, mwaka 1983. Mstari wenyewe husema: anayetafuta jina hili, na apelekwe kule.

Basi jina ni kama kibao kilichosimamishwa njia panda kuonyesha ghala ilipo. Karafuu zimo ghalani, hazimo katika kibao. Kuking'oa kibao hakumwagi hata punje moja.

HATARI IKO WAPI?

Fikiri kuwa tumeihama ghala ya kupanga, ufunguo tumerudisha, lakini kibao tumekisahau. Mtu mwengine akaipanga ghala ile ile na kuweka mizani yake. Mkulima atokaye shamba na gunia lake atafuata kibao chenye jina letu, na atampa mgeni yule mali yake bila ya kushuku.

Ndivyo ilivyo katika intaneti. Jina likifutwa katika lango na mstari wa CNAME ukaachwa, kwa baadhi ya makampuni mtu baki aweza kufungua akaunti yake na kulidai jina lile. Ukurasa wake utaonekana chini ya jina letu. Hata alama ya kufuli aweza kuipata, kwani cheti chake hupewa yule ambaye jina linaelekea kwake. Mwanachama atatia neno lake la siri, na nambari ya benki yake itakuwa mikononi mwa mwizi.

UTARATIBU WA KUFUATA

1. Kwanza wasimamizi waingie kwa anwani ya asili ya kampuni, wahakikishe kuwa mlango huo unafunguka. Asiyefanya hivi aweza kujifungia nje.

2. Wanachama waarifiwe mapema, kwa barua na kwa mkutano, waambiwe anwani mpya. Anwani ya zamani itafutwe katika stakabadhi, kadi na barua zote.

3. Kila mstari wa daftari una muda wake wa kukumbukwa, uitwao TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde. Ukiwa ni 86,400, yaani siku nzima, upunguzwe uwe 300, yaani dakika 5. Kisha ingojewe mpaka ule muda wa kwanza upite.

4. Ndipo mstari wa CNAME ufutwe, au uelekezwe kwenye ukurasa wa Jumuiya yenyewe wenye tangazo la anwani mpya. Kibao hung'olewa kabla ya kurudisha ufunguo, si baada yake.

5. Baada ya hapo jina liondolewe katika lango, na lijaribiwe kwa simu mbali mbali.

6. Kama kampuni ilipewa ruhusa ya kupeleka barua kwa jina letu, na tunaihama kabisa, mistari ya ruhusa hiyo nayo ifutwe. Lakini mistari ya barua zetu wenyewe isiguswe, ama sivyo barua za afisi zitakatika.

7. Jina kuu lisiachwe kwisha muda. Ada ya kila mwaka ni ndogo kuliko hasara ya mtu mwengine kuliandikisha na kulitumia mbele ya wakulima wetu.

NENO KWA MWANACHAMA

Kazi ya mafundi ni hiyo. Kazi yako wewe ni kuitazama anwani kabla ya kutia neno la siri. Ukipata ujumbe unaokwambia ubadilishe nambari ya benki, usiubonyeze. Njoo afisini au muulize katibu wa tawi lako. Hakuna mtu wa Jumuiya mwenye haki ya kukuuliza neno lako la siri, hata awe nani.

Karafuu hupandiwa mti kwa khatari ya maisha, zikachambuliwa usiku na kuanikwa siku nyingi. Si haki jasho hilo lichukuliwe kwa sababu ya kibao kilichosahauliwa. Tahadhari kabla ya athari.