Unachokisugua si Ngozi

Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, hayakosekani yenye viti vya ngozi vya rangi ya krimu. Gari likishazoea vumbi la huku, kiti cha dereva huanza kuwa cheusi, na mwenyewe huanza kushauriwa: mafuta ya nazi, losheni, dawa ya viatu isiyo na rangi, sabuni ya unga. Ushauri wote huo una mzizi mmoja, kwamba kiti ni ngozi na ngozi hutaka kulainishwa.

Ngozi ipo, ila huigusi. Kiwandani hupakwa rangi, kisha juu ya rangi hupakwa utando angavu wa polyurethani. Matabaka hayo kwa kawaida hayafiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini ndiyo unayokalia na ndiyo unayoosha. Kupaka mafuta juu yake ni kama kupaka mafuta ukucha uliokwisha kutiwa rangi: hayaingii, yanabaki juu kunasa vumbi. Ukitaka kuhakikisha, dondoshea tone la maji mahali pasipoonekana. Likisimama, kiti kina utando. Likinywewa na kuacha doa, unayo ngozi ya anilini isiyofunikwa, ambayo ni adimu kwenye magari ya kawaida, na hiyo mwachie fundi anayeijua. Mara nyingi ubavu na mgongo wa kiti si ngozi kabisa, ni plastiki iliyochorwa vinyweleo.

Weusi wenyewe ni jasho na mafuta ya mwili vilivyoshikana na vumbi ndani ya vijistari vya ngozi. Kiti cheusi nacho hubeba uchafu uo huo, tofauti ni kwamba wake huonekana kama mng'ao. Kiti kilichotoka kiwandani haking'ai. Kwa hiyo mteja anayemwambia kijana wa kuosha magari aking'arishe, analipia kupakwa kitu kingine juu ya uchafu.

Anza kwa kufyonza mchanga, maana ukisugua nao juu utakwaruza utando. Kisha chukua sabuni isiyo kali, hata shampuu ya watoto iliyozimuliwa, uivuruge mpaka itoe povu. Kazi ni ya povu, maji yawe machache: kiti chenye matundu kina sponji chini yake, na ndani ya baadhi ya viti mna nyaya za kupasha joto na kihisio cha abiria. Brashi laini, eneo dogo dogo, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushe. Sabuni ya unga iache kwenye nguo. pH yake hukaribia 10, ilhali ngozi ina asidi, chini ya 5, na sabuni hiyo ikipenya kwenye mishono na nyufa huidhoofisha. Ile sponji nyeupe ya melamini inayosifiwa kwa kufuta kila doa hufuta kwa sababu ni msasa laini.

Doa la jinzi lina habari yake. Indigo haiyeyuki katika maji, na kwenye uzi wa pamba hung'ang'ania kwa nje, ndiyo maana jinzi mpya ikisuguliwa tu inaachia. Kanga mpya inayochuja nayo hupaka kiti, hasa ikiwa imelowa jasho. Siku za mwanzo rangi hiyo iko juu na povu huitoa. Gari likishinda juani, utando hulainika kwa joto na rangi huzama ndani yake. Ikishazama, hakuna sabuni itakayoifikia, na hapo watu hukimbilia spiriti au thina. Tazama kitambaa chako: kikianza kutoka na krimu badala ya buluu, acha, unafuta kiti chenyewe.

Kinga inayofaa ni dawa ya maji ya kulinda ngozi, inayopakwa kiti kikiwa safi na kikavu ili madoa yashike kwayo kwanza. Kivuli nacho, au pazia la kioo cha mbele, hupunguza joto linalokausha na kukunja ngozi.

Mahali pa kwanza kushindwa ni ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango, unaosuguliwa kila anapopanda na kushuka. Utando ukishapasuka hapo, uchafu huingia kwenye ngozi tupu na hautoki kwa kuosha. Fundi husafisha, hupiga msasa, huziba nyufa na kupulizia rangi maalumu ya ngozi, kwa sababu rangi ya bodi haivutiki na itabanduka. Na kama ndiyo kwanza unalinunua gari, ukingo huo uangalie kabla ya kusoma mita: kilomita chache zikiambatana na ukingo uliochakaa, mwulize muuzaji vizuri.