Mwaka Mmoja, Milimita Moja: Mabingwa wa Visukuku Wakipimwa Kutoka Bunia

Chukua rula ya mwanafunzi, simama katikati ya Bunia, pale Boulevard ya Libération, na tukubaliane kanuni moja: kila mwaka uliopita ni milimita moja. Uhuru wa 1960 uko sentimita sita na kitu nyuma yako, haufiki hata urefu wa kidole cha kati. Kuzaliwa kwa Yesu ni mita mbili. Sasa tuwatafute mabingwa wa zama zote, walioacha mifupa na alama zao kwenye mawe na mchanga, na kila mmoja apewe umbali wake. Tunapima kwa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka. Barabara na mashimo yake hazimo kwenye mashindano haya.

1. Bingwa wa hesabu: mita 20

Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward kabla haijaanza safari ya kuja Ituri. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akatoa mfupa mwembamba wenye urefu wa sentimita 10 hivi, mfupi kuliko simu iliyo mfukoni mwako, na kichwani umechomekwa kipande cha jiwe la kwatzi. Juu yake kuna mikato 168 iliyopangwa kwa safu tatu. Safu mbili zina mikato 60 kila moja, ya tatu ina 48. Safu moja imegawanywa mafungu ya 11, 13, 17 na 19, namba tasa zote zilizopo kati ya 10 na 20! Umri wake unazidi miaka 20,000.

Kuna mpinzani. Mfupa wa Lebombo, kutoka milima iliyo mpakani mwa Afrika Kusini na Eswatini, umri wake ni karibu mara mbili ya huo. Lakini una mikato 29 tu. Kwa umri Lebombo inashinda, kwa hesabu Ishango haina mwenzake, na mimi taji naliweka Ishango. Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye jumba la makumbusho la taasisi ya sayansi asilia.

2. Bingwa wa pango: mita 40

Huyu ni wa nyumbani kabisa. Pango la Matupi liko Mlima Hoyo, kusini-magharibi mwa Bunia, na Francis Van Noten alilichimba mwaka 1974. Wakazi wake walichonga vijiwe vidogo vya kwatzi zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, na zana ndogo za namna hiyo zenye umri mkubwa kiasi hicho ni chache sana duniani. La kushangaza zaidi ni mifupa ya wanyama waliowala: mingi ni ya wanyama wa mbuga. Leo ukitoka mdomoni mwa pango unakutana na msitu. Watu wa Matupi walitoka wakakuta nyasi.

3. Bingwa wa uvuvi: mita 90

Karibu uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli. Katanda, kwenye Semliki hiyohiyo ya juu, Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa vyenye meno pembeni, na pamoja navyo mifupa ya kambale wakubwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: umri ni kama miaka 90,000. Vyusa vya aina hiyo vilikuja kuonekana Ulaya zaidi ya miaka 50,000 baadaye. Mvuvi wa Kasenyi anayerusha nyavu zake leo ni mrithi wa ufundi wa mto huu, na mto huu uliitangulia Ulaya kwa mbali.

4. Bingwa wa kina: kilomita 5, mara mbili

Mara ya kwanza ni ya umri. Ukitembea kilomita 5 kwenye rula yetu umeshaupita uwanja wa ndege wa Bunia, na umefika miaka milioni 5. Kwenye tabaka za Sinda na Mohari, bondeni Semliki ya chini, hapahapa Ituri, kuna mifupa yenye umri huo na zaidi. Mwaka 1963 Dirk Hooijer aliandika habari za kifaru mmoja kutoka huko, mnene, mwenye miguu mifupi, akampa jina la Brachypotherium heinzelini kwa heshima ya yuleyule de Heinzelin wa Ishango. Jamii yake ilikwisha zamani. Jina lake, hata hivyo, linategemea mifupa ya Ituri, na kila mtaalamu anayetaka kumfahamu lazima aanzie Sinda. Kwangu hiyo ni medali kubwa kuliko kilo nyingi za dhahabu.

Mara ya pili ni ya kina chenyewe. Maji ya Ziwa Albert hayazidi mita 60 kwenda chini, lakini sakafu ya ziwa si mwisho wa habari. Bonde la ufa limekuwa likizama kwa mamilioni ya miaka, na mito imekuwa ikilijaza tope na mchanga bila kupumzika. Unene wa tabaka hizo ni karibu kilomita 5. Ung'oe mlima Rwenzori wenye kilele cha mita 5,109, uutumbukize humo, na kitabaki kijincha tu! Kila mnyama aliyefia ufukweni na kufunikwa haraka na tope alipata nafasi ya kugeuka jiwe. Tunachookota Sinda ni ukingo mwembamba uliosukumwa juu na mitikisiko ya ufa. Vingine vyote bado viko chini.

5. Bingwa wa uzito kwa wala nyama: kilomita 22

Kilomita 22 kuelekea mashariki unakaribia kuteremka ziwani. Hapo anasimama Simbakubwa kutokaafrika wa magharibi mwa Kenya, mwenye miaka milioni 22 hivi. Makadirio ya juu ya uzito wake ni kilo 1,500: simba dume saba wa leo, au pikipiki 12 za motari zikiwa zimefungwa pamoja. Hakuwa simba wala ndugu wa simba. Kundi lake lilitoweka lote. Taya lake lilikaa kabatini Nairobi kwa miongo kadhaa mpaka Matthew Borths na Nancy Stevens walipompa jina mwaka 2019.

Kwa wapenda urefu, mamba wa kale wa Turkana, Crocodylus thorbjarnarsoni, huenda alizidi mita 7.5. Kontena la futi 20 halimtoshi.

6. Bingwa wa kimo: kilomita 150

Sasa geukia magharibi: umeipita Mambasa kidogo tu, na uko zama za Jurasiki. Giraffatitan wa Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania, anasimama Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Simamisha wima kontena la futi 40, na bado anakupita kwa mita nzima. Hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kwa mifupa halisi kinachomfikia.

Kuna pia rekodi ya jasho. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulitoa Tendaguru zaidi ya tani 200 za visukuku. Kwa Fuso la tani kumi hiyo ni zaidi ya safari 20, ila Fuso halikuwepo: mizigo ilikwenda pwani Lindi vichwani mwa wapagazi, kwa miguu. Mamia ya wenyeji walichimba, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru aliitwa Australodocus bohetii. Ni heshima iliyochelewa, lakini hakuna aliyeistahili kuliko yeye.

Kongo nayo haikulala katika zama hizo. Kandokando ya Lualaba, juu kidogo ya Kisangani, mawe ya Jurasiki yamehifadhi samaki wengi, na mmoja wao ni Lualabaea, silikanti aliyeandikwa mwaka 1955. Jamaa zake wa leo bado hunaswa na wavuvi wa Komoro na Tanga.

7. Bingwa wa subira: kilomita 243

Epulu ya okapi iko nyuma yako. Nyasasaurus, kutoka kusini mwa Tanzania, ana umri wa miaka milioni 243 hivi. Ama ndiye dinosaria wa kwanza kabisa anayejulikana, ama ni binamu yao wa karibu mno. Mifupa yake iliokotwa miaka ya 1930 na jina likachapishwa rasmi mwishoni mwa 2012. Karibu miaka 80 ya kusubiri kabatini!

8. Bingwa wa wote: kilomita 1,000

Hapa mifupa imekwisha. Haikuwa imeanza kuwepo. Mawe ya chokaa ya Mbuji-Mayi, Kasai, yana stromatoliti, tabaka zilizojengwa na bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, katika bahari ya miaka bilioni moja hivi iliyopita. Na rula yetu? Kutoka Bunia inakwenda kilomita 1,000, ikibaki zaidi kidogo ya kilomita 100 kuufikia mji wenyewe wa Mbuji-Mayi.

Najua wa Mongbwalu watapinga. Mawe yanayobeba dhahabu ya Kilo yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni kilomita 2,500, yaani uvuke Kongo nzima, uiache Muanda nyuma, na uzame zaidi ya kilomita 300 ndani ya Atlantiki. Umri huo hauna ubishi. Lakini haya ni mashindano ya viumbe, na mwamba wa Kilo haujatuonyesha hata kimoja. Kikombe kinakwenda Kasai.