Ngano za Picha na Ufundishaji wa Usimulizi: Mfano wa Darasa la Kiamaiko

1. Utangulizi

Makala haya yana nia ya kuchunguza nafasi ya ngano zilizotungwa kwa vibonzo katika ufundishaji wa Kiswahili. Hoja inayotolewa mara nyingi ni kwamba hadithi hizi humvuta mwanafunzi asiyependa kusoma. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Swali linalomhusu mwanaisimu ni hili: picha inapochukua kazi ya maneno, ni maneno gani yanayotoweka, na mwalimu afanye nini ili yarudi kinywani mwa mwanafunzi?

Sanaa hii si ngeni nchini Kenya. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Katika miaka ya 1980 mchoraji Terry Hirst alianzisha Pichadithi, mfululizo wa ngano na visakale, ambao jina lake limeunganisha picha na hadithi. Mwaka 1996 kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi ilichapisha Abunuwasi, kazi ya Gado katika Kiswahili. Mwaka 2010 likatokea jarida la Shujaaz, ambalo wahusika wake husema Sheng.

2. Hali ya lugha Kiamaiko

Kiamaiko, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulio jirani na Huruma na Mathare, unajulikana kwa soko la mbuzi na machinjio yake. Biashara hiyo imewakutanisha Waborana na watu wengine wa kaskazini na majirani wa makabila mbalimbali. Kwa hiyo katika darasa moja yumkini mtoto mmoja ana lugha ya Kikushi nyumbani, wa pili ya Kibantu na wa tatu ya Kinailoti. Wote watatu hucheza kwa Sheng. Hata hivyo, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima, watoto wa namna hii wamepimwa kwa Kiswahili sanifu, na mtaala wa umilisi uliofuata haukuliondoa sharti hilo. Mara nyingi husemwa kwamba hawana lugha. Ukweli ni kwamba wanayo lugha ya mazungumzo. Wanachokosa ni mazoea ya lugha ya msimulizi.

3. Kiambishi -ka- na mwanya wa picha

Tuchukue kisa mashuhuri cha Abunuwasi na sufuria, tukigawe katika visanduku vinne. Katika cha kwanza Abunuwasi anarudisha sufuria aliyoazima, ikiwa na kisufuria ndani yake: "Sufuria yako imezaa." Katika cha pili jirani anachekelea. Katika cha tatu Abunuwasi anaazima tena. Katika cha nne amekuja mikono mitupu: "Sufuria yako imekufa."

Vitenzi vilivyo ndani ya viputo ni vya mazungumzo: imezaa, imekufa. Msimulizi angesema: Abunuwasi aliazima sufuria, akakaa nayo siku tatu, akairudisha na kisufuria ndani yake, jirani akafurahi, asiulize neno. Hapo ndipo tunapoona kilichotoweka. Kiambishi -ka- kimefichwa katika ule mwanya mweupe ulio baina ya kisanduku na kisanduku. Na pamoja nacho umefichwa ukanushi wake, asiulize, ambao humtatiza mwanafunzi zaidi. Asomaye vibonzo peke yake huelewa mfuatano wa matukio bila kuutamka hata mara moja.

4. Utaratibu unaopendekezwa

Kwanza, mwalimu afunike viputo, na wanafunzi wawape wahusika maneno. Hapa Sheng iruhusiwe; Abunuwasi wa Kiamaiko na aseme kwamba sufuria "imededi". Pili, chini ya kila kisanduku waandike sentensi ya msimulizi kwa Kiswahili sanifu: akamwambia kwamba sufuria yake imekufa. Kwa njia hii usemi halisi na usemi wa taarifa hukaa bega kwa bega. Tatu, kitabu kifungwe. Mwanafunzi asimame, aseme "Paukwa", aitikiwe "Pakawa", asimulie ngano nzima kwa wenzake, akitumia tanakali za sauti, kama vile chubwi na tifu, mahali ambapo mchoraji alitumia mistari ya kalamu.

Wako watakaoteta kwamba Sheng itakichafua Kiswahili. Hofu hiyo ina msingi pale mipaka isipoonyeshwa. Lakini kiputo ni mpaka unaoonekana kwa macho: ndani yake ni mhusika, nje yake ni msimulizi. Mtoto aliyekatazwa Sheng hufunzwa kunyamaza. Aliyeonyeshwa mahali pake hufunzwa kuchagua.

5. Hitimisho

Uhaba wa vitabu usiwe kisingizio, kwani visanduku vinne vya chaki ubaoni vyatosha. Jambo la msingi ni kwamba ngano ya picha isichukuliwe kuwa badala ya masimulizi. Ikiishia katika kutazamwa, itamwachia mtoto wa Kiamaiko lugha ile ile aliyokuja nayo. Ikisimuliwa, itamwongezea ya pili.