Maskati: Tiba ya kiwewe yaanzia mwilini

Mtu mwenye kiwewe anapofika kwa daktari, mara nyingi hasemi kwamba ana hofu. Husema kifua kinambana, moyo unamwenda mbio, au usingizi umempaa. Vipimo vyote huonyesha kwamba ni mzima, naye hurejea nyumbani na maradhi yake.

Mjini Maskati, mji mkuu wa Oman, suala hili linawagusa kwa karibu wazungumzaji wa Kiswahili. Wengi wao ni watu walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya Januari 12 mwaka 1964, pamoja na watoto na wajukuu wao. Walipokelewa kwa wingi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazee, na wapo ambao hawajapata kuyasimulia waliyoyaona.

Hatari inapotokea, ubongo huuamuru mwili utoe adrenalini. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi hufupika na misuli hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Kwa mwenye kiwewe, hautulii. Kishindo cha mlango au harufu ya moshi hutosha kuyarejesha yote, kana kwamba jambo linatendeka sasa hivi. Ndiyo maana kumwambia mtu "sahau" hakufai kitu: mwili haungojei ruhusa ya fikra.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa tiba inayounganisha mwili na nafsi haanzi na kisa. Huanza na pumzi. Mgonjwa hufundishwa kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, jambo linaloamsha mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, na mapigo ya moyo hupungua. Huhisi miguu yake sakafuni, hutaja vitu anavyoviona chumbani. Akishaweza kujituliza, ndipo husimulia, kidogo kidogo. Njia nyingine, iliyoasisiwa na Mmarekani Francine Shapiro mwaka 1987, humtaka mgonjwa afuate kwa macho kitu kinachokwenda huku na huko huku akilikumbuka tukio. Wataalamu bado wanabishana kwa nini inasaidia, lakini Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013.

Kwa watu wa mwambao, haya si mageni kabisa. Oman ina zar, ambayo kwa Mzanzibari ni jamaa wa kupunga pepo: ngoma, ubani, na mwili unaotikisika mpaka uchoke. Profesa Samir Al-Adawi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzake waliichunguza mwaka 2001 kama njia ya kikundi ya kueleza dhiki na kuitibu. Masheikh wengi huipinga, na wagonjwa wengine huchagua kusomewa Kurani.

Lakini katika zar anayesema ni pepo, na mgonjwa huepukana na aibu. Katika tiba ya leo, mgonjwa ndiye anayetakiwa kusema mwenyewe. Kwa mzee aliyenyamaza miaka sitini, hilo ni zito, na huzidi uzito anapotakiwa kueleza kwa Kiarabu mambo ambayo, usiku yanapomjia, humjia kwa Kiswahili.